Tetesi Juu ya Prosesa Mpya: Tuziamini au Tuzipuuze?

Baba mwenye nyumba huweka akiba mwezi baada ya mwezi ili awanunulie watoto wake kompyuta ya kusomea. Siku anapoileta nyumbani, kabla hata haijatolewa sandukuni, huja kijana wa jirani na simu yake mkononi, akasema: "Mzee, umepunjwa. Prosesa ya namna hii ni mbovu, na dunia nzima yajua." Papo hapo furaha ya nyumba hugeuka huzuni. Baba huanza kumshuku muuza duka, na mama huuliza kama fedha zaweza kurudishwa.

Yuko na mwingine ambaye akisikia maneno kama hayo hucheka tu. Husema kuwa maneno ya watu hayana mwisho, akaendelea kuitumia mashine yake bila ya kuuliza lolote. Kumbe safari hii maneno ni ya kweli, naye huja kujuta muda wa kurudisha chombo ukiisha kupita.

Sisi twaona kuwa wote wawili wameikosa njia. Wa kwanza amelisadiki neno asilolichunguza, na wa pili amelikataa neno asilolichunguza. Kosa lao ni moja. Ili wasomaji wetu, na hasa vijana, wapate kuona njia iliyo sawa, tumependa kuwasimulia kisa kimoja cha kweli kilichotokea Marekani mwaka 1994, kisha tukitazame na kingine cha juzi juzi, cha mwaka 2024.

Prosesa ni nini, na kasoro yake ni ya namna gani?

Prosesa ni kile kipande kidogo kilichomo ndani ya kompyuta ambacho hufanya hesabu zote na kutekeleza amri zote. Watu wengi huiita ubongo wa kompyuta, na mfano huo si mbaya. Imetengenezwa kwa silikoni, na ndani yake mna swichi ndogo ndogo ziitwazo transista, ambazo jicho haliwezi kuziona. Prosesa iitwayo Pentium, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1993, ilikuwa na transista zipatazo milioni 3.1. Prosesa za siku hizi zina mabilioni.

Sasa, programu ikiwa na kosa, mwenye kuiandika huisahihisha, akawapelekea watu programu iliyo sahihi, na mambo yakaisha. Lakini kosa lililochorwa ndani ya silikoni halifutiki. Ni kama kosa lililopikwa pamoja na tofali: mwashi anaweza kulipaka chokaa, lakini hawezi kulitoa. Tangu Intel ilipotoa Pentium Pro mwaka 1995, prosesa zake zimewekewa njia ya kupokea masahihisho madogo kila mashine inapowashwa, na masahihisho hayo huitwa maikrokodi. Walakini si kila kosa liwezalo kutibiwa kwa dawa hiyo.

Tena yafaa ijulikane kuwa hapana prosesa isiyo na kasoro hata moja. Watengenezaji wakubwa wenyewe, Intel na AMD, hutoa orodha za kasoro zilizogunduliwa katika prosesa zao, na kila mtu aweza kuzisoma. Nyingi kati ya hizo ni ndogo kiasi kwamba mtumiaji hataziona maisha yake yote. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa prosesa fulani ina kasoro, hajakuambia jambo geni. Maswali yaliyo muhimu ni haya: Ni kasoro gani? Yamdhuru nani? Na aliyeitengeneza amefanya nini baada ya kuijua?

Mwalimu wa hesabu na jawabu lisilolingana

Katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, kulikuwa na mwalimu wa hesabu katika chuo cha Lynchburg College, jina lake Thomas Nicely. Alikuwa akichunguza namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Baadhi ya namba hizo huja mbili mbili, zikiachana kwa 2 tu, kama 11 na 13, au 17 na 19, nazo huitwa pacha. Kazi ya mwalimu huyu ilikuwa kuzitafuta pacha hizo kwa wingi sana, kuigawanya 1 kwa kila moja, kisha kuyajumlisha majawabu yote. Kwa kazi hiyo alitumia kompyuta kadhaa, na mwezi wa Machi 1994 akaongeza moja mpya yenye prosesa ya Pentium.

Mwezi wa Juni mwaka huo aliona kuwa hesabu zake hazilingani. Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Nicely hakukimbilia kutangaza kuwa Pentium ni mbovu. Alianza kujishuku mwenyewe. Aliichunguza programu aliyoiandika. Akaichunguza na ile programu inayogeuza maandishi ya mwandishi yawe amri za mashine. Akazichunguza sehemu nyingine za kompyuta, moja baada ya moja. Akazijaribu hesabu zile zile katika mashine nyingine. Kazi hiyo ya kutoa kila sababu iwezekanayo ilimchukua muda wa miezi minne. Hata ilipofika tarehe 19 Oktoba 1994 alikuwa na yakini kwamba kosa limo katika prosesa yenyewe.

Siku chache baadaye, tarehe 24 Oktoba, aliwapelekea habari hiyo wenyewe Intel. Alipokuwa hakupata maelezo ya kumtosheleza, tarehe 30 Oktoba aliwaandikia barua pepe watu wachache wenye elimu ya mambo hayo, akiwaomba wajaribu katika mashine zao. Wala hakuandika maneno matupu. Alitaja namba yenyewe, 824633702441, akaeleza kwamba Pentium ikiambiwa igawanye 1 kwa namba hiyo, tarakimu zote za jawabu baada ya ile ya nane huwa si sahihi. Tena alitoa njia rahisi ya kupima. Gawanya 1 kwa namba hiyo, kisha zidisha jawabu kwa namba ile ile. Kila mtoto wa shule ajua kuwa lazima irudi 1. Pentium ilitoa 0.99999999627.

Barua ile ikasambaa. Mmoja alimpelekea mwenzake, na mwenzake akawapelekea wengine, mpaka ikafika katika vikao vya intaneti walimokutana mafundi wa kompyuta. Na kwa kuwa ndani yake mlikuwa na namba na njia ya kupima, kila aliyekuwa na Pentium aliweza kujaribu na kuona kwa macho yake. Mhandisi mmoja wa Marekani, Tim Coe, alichunguza makosa yaliyokwisha kuonekana, akakisia jinsi prosesa ile inavyogawanya, na kwa kukisia kwake akagundua hesabu nyepesi yenye kosa kubwa zaidi. Ukigawanya 4195835 kwa 3145727, jawabu lililo sahihi ni 1.33382. Pentium ilijibu 1.33373. Hapo kosa halikuwa tena mbali kule kwenye tarakimu ya tisa, bali lilikuwa katika tarakimu ya tano, mahali ambapo hata mfanyabiashara wa kawaida angeweza kuliona.

Mwezi wa Novemba habari zikaandikwa magazetini, na tarehe 22 Novemba zikatangazwa katika televisheni ya CNN. Jambo lililoanza kama shaka ya mwalimu mmoja likawa linajulikana na watu wengi duniani.

Kosa lilitoka wapi?

Tukumbuke jinsi tulivyofundishwa kugawanya shuleni. Mtoto akiambiwa agawanye kwa 7, hujiuliza: 7 huingia mara ngapi katika 52? Halifikirii upya jambo hilo, bali hulitafuta katika jedwali alilolihifadhi kichwani. Huandika tarakimu moja, hutoa, hushusha, kisha hurudia swali lile lile. Pentium nayo iligawanya kwa namna iliyo karibu na hiyo. Ndani yake mlikuwa na jedwali lililochorwa katika silikoni, na kila hatua mashine ilitazama jedwali lile ili ijue tarakimu inayofuata.

Basi katika kulihamisha jedwali lile liingizwe katika prosesa, nafasi kadhaa ziliachwa, na tano kati yake ndizo zilizoleta madhara. Nafasi hizo zilipaswa kuwa na tarakimu 2, zikawa na 0. Ni kama mtoto aliyehifadhi jedwali lote la kuzidisha isipokuwa mahali patano. Utamwuliza maswali elfu naye akujibu sawasawa, ukamsifu kuwa ni hodari, na kumbe swali la elfu na moja ndilo litakaloangukia penye tundu.

Hiyo ndiyo sababu kasoro hiyo iliwapita waliolikagua chombo kabla hakijauzwa. Hesabu nyingi mno hazikupita katika nafasi zile. Na jozi za namba zinazoweza kugawanywa ni nyingi kiasi kwamba mashine zote za dunia zikifanya kazi pamoja hazingemaliza kuzijaribu zote. Baada ya kisa hiki watengenezaji waliongeza juhudi ya kuthibitisha usahihi kwa hoja za hesabu zenyewe, badala ya kutegemea majaribio peke yake. Mathalan, kampuni ya AMD ilitaka wataalamu wathibitishe kwa njia hiyo namna ya kugawanya ya prosesa yake iitwayo K5.

Miaka 27,000 au siku 24?

Sasa twaja kwenye sehemu ambayo kila mwenye kuuza na kila mwenye kununua yampasa aifikirie. Intel walijibu nini?

Ilidhihirika kuwa wao wenyewe walikuwa wamekwisha igundua kasoro hiyo katikati ya mwaka 1994. Walikuwa wakiisahihisha katika prosesa zilizokuwa bado kutengenezwa, lakini wale waliokwisha kununua hawakuambiwa. Jambo lilipofichuka, kampuni ilisema kuwa kosa hutokea mara moja tu katika migawanyo bilioni 9 ya namba zisizochaguliwa, na kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana nalo mara moja katika miaka 27,000. Kwa hiyo walikuwa tayari kumbadilishia prosesa yule tu atakayeonyesha kuwa kazi yake yahitaji hesabu za usahihi mkubwa.

Tarehe 12 Desemba 1994 kampuni ya IBM ilisimamisha kuuza kompyuta zake zenye Pentium. Ilisema kuwa kwa hesabu walizozipiga wao, mtu anayetumia majedwali ya hesabu za biashara huenda akapata kosa mara moja kila siku 24.

Tazama tofauti hiyo! Mmoja asema miaka 27,000, mwingine asema siku 24, na wote wawili wazungumzia chombo kimoja. Yawezekanaje? Sababu ni kwamba kila mmoja aliweka makisio yake kwanza: mtumiaji hugawanya mara ngapi kwa siku, na hugawanya namba za aina gani. Ukibadilisha makisio, jawabu nalo hubadilika. Tena tusisahau kuwa Intel ilikuwa ikiitetea bidhaa yake, na IBM kwa upande wake ilikuwa na prosesa yake nyingine, PowerPC, iliyoshindana na Pentium. Hatusemi kuwa ye yote alidanganya. Twasema kuwa msikiaji mwenye akili hauchukui mwisho wa hesabu bila ya kuuliza mwanzo wake, wala hamsahau mwenye faida katika hesabu hiyo.

Lakini hata tukisema kuwa makisio ya Intel yalikuwa sawa kabisa, jibu lao halikuwatuliza watu. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi hakuwa akiuliza kosa hutokea mara ngapi tu. Alikuwa akiuliza: Ulijua, mbona hukuniambia? Na pia: Kwa nini mimi niliyelipa bei kamili ndiye nithibitishe kuwa nastahili chombo kizima? Mtu akikuuzia mizani inayokosea mara chache, hutaki kuhesabiwa uchache wa makosa yake. Ukiisha kujua kwamba hukosea, hutajua ni mara ipi imekosea, na kila unachopima kitakuwa na shaka.

Tarehe 20 Desemba 1994 Intel iliyabadili maneno yake. Iliomba radhi kwa namna ilivyolishughulikia jambo hilo, ikatangaza kuwa kila mwenye Pentium yenye kasoro atabadilishiwa bila malipo akitaka, pasipo kuulizwa sababu. Mwezi wa Januari 1995 kampuni ilieleza kuwa shauri hilo limeigharimu dola milioni 475. Andy Grove, aliyekuwa mkuu wa Intel wakati huo, alikisimulia kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1996, na wala hakuficha kuwa kilimfundisha jambo.

La ajabu ni kwamba wengi wa watu wa kawaida hawakuomba kubadilishiwa. Walikuwa wametaka kujua kuwa haki yao ipo. Walipoipata, nyoyo zao zilitulia. Basi hapa mfanyabiashara na azingatie: unyofu ungelikuwa rahisi zaidi kama ungelitangulia.

Kisa cha mwaka 2024

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi mafundi wamejifunza. Tumjibu kwa mambo ya karibu.

Mwaka 2007 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za Phenom, na mara ikajulikana kuwa zina kasoro ambayo katika hali chache mno ingeweza kuisimamisha mashine. Dawa ilipatikana, lakini dawa yenyewe iliipunguza mashine mbio zake. Mwaka 2008 zikatoka Phenom zilizosahihishwa, nazo zikapewa namba zinazoishia kwa 50, kama 9550 na 9850, ili watu wazitofautishe na zile za kwanza kama 9500 na 9600. Aliyesema "Phenom ni mbovu" hakusema kweli kamili, na aliyesema "Phenom haina neno" naye hakusema kweli kamili. Kweli ilikuwa katika namba.

Kisha katika miezi ya mwanzo ya 2024 yakazagaa malalamiko ya vijana wachezao michezo ya kompyuta. Wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 walisema kuwa michezo yao hukatika ghafula. Wengine waliletewa maandishi ya kuwaambia kuwa kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi, na kwa hiyo wakaishuku kadi ya picha. Baadaye lawama zikaelekezwa kwenye ubao mkuu unaobeba prosesa, kwamba watengenezaji wake wameuruhusu umeme kupita kiasi. Lakini malalamiko hayakwisha, na walioyachunguza walizidi kuiona prosesa yenyewe ndiyo yenye lawama.

Mwezi wa Julai 2024 Intel ilikiri kwamba maikrokodi yake ilikuwa ikiomba nguvu ya umeme iliyozidi kipimo, na umeme huo huichakaza prosesa kidogo kidogo. Mwezi wa Agosti na wa Septemba mwaka huo ikatoa masahihisho, ikaongeza na dhamana ya prosesa hizo kwa miaka miwili zaidi. Ila ilieleza wazi kuwa masahihisho hayo huzuia madhara yajayo, hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika.

Tuyapime basi maneno yaliyokuwa yakivuma wakati ule. Walisema prosesa hizo huharibika; ikawa kweli. Walisema pia kuwa baadhi ya zile za mwanzo zilikuwa na kutu iliyoingia kiwandani. Intel ilikubali kuwa tatizo hilo lilikuwako na kwamba liliondolewa mwaka 2023, lakini ikasema kuwa ni malalamiko machache tu yanayohusiana nalo. Walisema tena kuwa prosesa za kompyuta za kubebeka nazo zina ugonjwa ule ule. Intel ikakana, ikasema kuwa tatizo hili ni la prosesa za kompyuta za mezani, zile zitumiazo wati 65 au zaidi. Ndivyo ulivyo uvumi: aghalabu hubeba kweli na nyongeza katika kapu moja. Mwenye kulitupa kapu zima hupoteza kweli, na mwenye kulimeza zima humeza na takataka.

Yatupasayo majumbani

Dini yetu inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, nayo inamkataza mfanyabiashara kuificha aibu ya bidhaa yake. Amri hizi mbili hazikuwekwa kwa ajili ya nafaka na nguo peke yake. Zaingia pia katika kompyuta na simu. Basi mtu akisikia kuwa prosesa mpya ina kasoro, twaona yampasa afanye mambo haya:

Kwanza, aulize ni prosesa ipi hasa. Jina la kampuni halitoshi. Ataje kizazi chake na namba yake yote. Asiyeweza kuitaja namba, basi habari yake bado haijakamilika.

Pili, aulize nani ameona kwa macho yake, na kama mwingine amejaribu akaona yale yale. Barua ya Nicely iliaminiwa kwa sababu ilimpa kila msomaji njia ya kuikanusha. Neno lisilo na njia ya kulipima, hata likirudiwa na watu elfu, lina uzito wa mtu mmoja.

Tatu, asome jibu la mtengenezaji kwa makini. Je, akana kuwa kasoro ipo, au akana tu kuwa ni kubwa? Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mwaka 1994 Intel haikukana kuwapo kwa kasoro; ilichokana ni ukubwa wake.

Nne, kama dawa imetolewa, aitumie. Watu wengi hubishana miezi mizima juu ya kasoro ambayo masahihisho yake yamekwisha letwa, na wao hawajayatia katika mashine zao. Walakini kazi ya kubadili programu ya ubao mkuu isifanywe wakati umeme ni wa kukatikakatika, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine yaweza kukataa kuwaka kabisa. Asiyejua na amwendee fundi mwaminifu.

Tano, aitunze risiti na karatasi ya dhamana. Fununu ikigeuka kuwa hakika, karatasi hiyo ndiyo hoja yake.

Sita, naye anayeuza kompyuta iliyokwisha tumika, ikiwa anajua kuwa prosesa yake ni katika zile zilizotangazwa kuwa na kasoro, amwambie mnunuzi kabla ya kupokea fedha. Asijifiche nyuma ya maneno kama "Hutokea mara chache." Tumekwisha ona maneno hayo yaliigharimu kampuni kubwa kiasi gani.

Neno kwa vijana

Vijana wetu ndio wanaotangulia kuzipata habari hizi, kwa sababu simu zi mikononi mwao mchana na usiku. Twajua kuwa mtu huona fahari kuwa wa kwanza kuleta habari. Lakini tumfikirie yule mwalimu wa Lynchburg. Angaliweza kupiga kelele mwezi wa Juni, siku ile ile alipoiona tofauti. Na kama angalifanya hivyo, huenda angaliulizwa: Je, umeikagua programu yako? Naye angalinyamaza. Badala yake alijishuku yeye kwanza, akafanya kazi miezi minne, akawaendea wenye bidhaa kabla ya kuwaendea watu wengine, na aliponena, alinena kwa namba. Kwa sababu hiyo kampuni kubwa yenye mali nyingi haikuweza kulivunja neno lake.

Kijana aliyeingia nyumbani kwa yule baba na kusema "umepunjwa" huenda alikuwa na kweli mkononi. Lakini angeliisoma habari yake mpaka mwisho, angeliitazama na namba iliyoandikwa juu ya sanduku, huenda angelisema: "Mzee, mashine yako si katika zile zenye kasoro." Au angelisema: "Mzee, imo, lakini masahihisho yake yapo. Niruhusu nikae hapa nikusaidie kuyatia." Kwa maneno hayo angeliondoka akiwa ameiachia nyumba ile faida, na baba angelimwombea dua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuchunguza kabla ya kunena, na wenye kusema kweli tukiisha kuijua, hata ikiwa kweli hiyo ni juu ya bidhaa zetu wenyewe.